Kimya cha Saa Sita

Anyosisye amerudi na basi la jioni kutoka Tukuyu,
begi lake linanuka chumvi na grisi.
Siku ishirini na nane baharini, ishirini na nane hapa Kandete,
ndivyo mkataba unavyomkata mwanangu:
nusu ya mawimbi, nusu ya migomba.

Hakuniuliza kwanza habari ya mguu wangu.
Alitega sikio mlangoni pa mashine ya kusaga,
akasema, "Mama, injini hii inakunywa."
Nikamjibu, inakunywa, kama marehemu baba yako,
ila yenyewe angalau inasaga.

Usiku, mekoni, alinisimulia jukwaa lao:
nyumba ya chuma, miguu minne ndani ya maji,
chini yake gesi ya kupikia mikoa mizima,
na juu yake taa zinawashwa kwa dizeli
inayoletwa na meli, pipa kwa pipa.
Nilicheka hadi ugali ukashika sufuria.
Mtu wa Rungwe anunue ndizi mjini!

Mwaka jana wakafunga sola, ukingo wa kusini.
Ndege wa baharini wakazipaka chokaa
na mwanangu, fundi mwenye cheti,
akaanza kazi mpya ya kusugua mavi ya ndege
kwa brashi na maji baridi.
"Jenereta hatukuitupa," akasema. "Tunaipumzisha.
Jua likichoka, inaamka.
Wenyewe wanauita mfumo mseto."

Mimi nauita kande.
Mahindi hayaivi kwa mwendo wa maharage,
lakini chungu ni kimoja, na mpishi ndiye ajuaye
kipi kitangulie.

Akanyamaza, akachokoa moto.
"Siku ya kwanza tulipoizima, saa sita mchana,
nikasikia bahari.
Miaka sita niko juu yake, Mama, sijawahi kuisikia.
Usiku ule sikulala."

Basi, posho yake akaigeuza paneli kumi na mbili,
betri nne nzito kama ndama,
na mota mpya pembeni ya injini yangu kuukuu.
Majirani walikuja kutazama Aprili nzima,
na Aprili nzima ukungu ulikaa juu ya bati
kama mkwe asiyejua kuaga.
Injini ikakohoa, ikasaga, ikanywa.
Sikumcheka. Nilitaka, lakini sikumcheka.

Septemba jua likatoka kweli.
Nikabonyeza kitufe. Mota ikavuma kama mzinga wa nyuki.
Nikafuta kinu, nikakaa juu ya gunia, nikangoja.
Saa tatu. Saa tano.
Hakuja hata mtoto wa kibaba kimoja.
Saa sita Subilaga akapita na ndoo kichwani:
"Pole, umefiwa? Mbona umefunga?"

Kumbe ng'ambo ya mto hawatazami saa.
Wanasubiri *tuku-tuku-tuku* ipande bondeni
ndipo wapukuchue mahindi, wafunge mtoto mgongoni.
Nyuki wangu hawavuki maji.

Sasa kila asubuhi naiwasha injini dakika tano,
kikombe kimoja cha dizeli,
si cha kusaga, cha kuitia watu.
Anyosisye amepiga hesabu kwenye simu:
vikombe mia tatu na kitu kwa mwaka.
Akakunja uso. Akafungua mdomo, akaufunga.
Halafu akasema polepole, kama anakiri wizi,
kwamba kule jukwaani wapo wanaume wazima
waliorekodi mngurumo wa jenereta
ili wapate usingizi.

Leo ameondoka. Mguu wangu hakuuliza tena,
ila ameacha mafuta ya kuchua juu ya betri
na daftari la kuandika volti asubuhi na jioni.
Nimeandika:
Jumanne, ukungu, injini.
Jumatano, ukungu hadi saa nne, kisha jua.
Alhamisi, jua. Kikombe kimoja.
Watu kumi na tisa.
Subilaga amelipa deni.